Mwongozaji Filamu Niliyemwogesha

Nilimtunza yule mama wa Kiisraeli miaka miwili na nusu, Missouri City, karibu na Houston, nyumbani kwa mwanawe. Mimi natoka Nyeri, na tangu nifike Texas kazi yangu ni kutunza wazee. Wakala aliyenipeleka kwake aliniambia tu kwamba ni mjane, nyonga zinamsumbua, na ana hasira. Kwamba alikuwa mwongozaji filamu, nilielezwa na yeye mwenyewe nikimwogesha.

Alizaliwa Haifa, kwa wazazi waliotoka Moroko. Alianza kama mhariri, akikata na kuunganisha filamu za wanaume waliomwita "msichana" hata alipokuwa na watoto wawili. Alipotaka kuongoza yake, waliuliza mumewe anasemaje. Ile ya kwanza ilimhusu mama yake, aliyesafisha nyumba za watu, na ilimchukua miaka sita. Mumewe alishika kamera, basi magazeti yakaandika kuwa filamu ni ya mume.

"Hata siku ya kumzika walimsifia kwa kazi yangu," aliniambia, akitema maji ya mswaki.

Hadi hapo alikuwa ametengeneza filamu tatu tu. Nilimhurumia. Nilidhani tumeelewana.

Mama yangu alipofariki, makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka. Ningeondoka Marekani nisingerudi. Nilitazama maziko kwenye simu, ndani ya gari, nje ya duka la Waafrika pale mtaa wa Alief, watu wakipita na mifuko ya unga. Mtandao ulikatika jeneza likiteremshwa. Uliporudi, wajukuu walikuwa wanapanga maua juu ya udongo.

Kesho yake yule mama aliyaona macho yangu, akauliza, nikamweleza. Baada ya wiki akatoa kamera ndogo.

"Niambie tena," akasema. "Kwa lugha yako."

"Ya nini, Mama?"

"Nataka kutengeneza moja ya mwisho. Utaiona kabla ya mtu yeyote. Usipopenda kitu, nakitoa."

Nilizungumza asubuhi nne, baada ya kumpa dawa. Nilisema kwa Kiswahili mambo ambayo hata dada yangu sijamwambia: kwamba mama aliniita nije nimwone, nami nikamdanganya kuwa nimeshakata tiketi.

Hakunionyesha. Kila nikiuliza, haijaisha. Kisha ikakubaliwa kwenye tamasha dogo huko Dallas, na mwanawe akaniomba nimpeleke mama yake kwa gari. Alivaa hereni, akachangamka njia nzima kama bibi harusi.

Ukumbini nilijiona kwenye kiwambo, uso mkubwa, nalia. Sauti yangu haikuwepo. Mdomo wangu ulifunguka na kufumbika, na juu yake ilisikika sauti ya yule mama, kwa Kiingereza, akisimulia jinsi mama yake alivyofia hospitalini yeye akiwa kazini. Machozi yangu, mama yake. Majina yakapanda mwishoni, langu halikuwemo. Niliandikwa "mtunzaji" tu. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akanishika mkono akaniambia nina bahati kumtunza mtu kama huyu.

"Uliniahidi," nikamwambia garini, nikimfunga mkanda.

"Maneno yako nani angeyaelewa pale?"

"Ungeyatafsiri."

"Uso wako ulitosha. Unajua nimengoja miaka mingapi kupigiwa makofi kwa jina langu?"

"Na langu?"

Akageukia dirishani.

Tukashika njia ya kurudi Houston. Karibu na Huntsville alitaka choo. Nikasimamisha gari, nikamshika kiunoni, nikamngoja, nikamnawisha mikono. Kazi ni kazi.

Wiki iliyofuata nilimwomba wakala anihamishe. Yule mama akanipigia simu mara mbili; sikupokea. Miezi kadhaa baadaye mwanawe akanipigia kunijulisha kwamba mama yake amefariki, na kwamba siku ya kumkumbuka wataonyesha ile filamu. Alisema angefurahi nikija.

Nilimpa pole. Halafu nikamwomba kitu kimoja tu: rekodi za zile asubuhi nne nilizozungumza, nizihifadhi. Mtu muungwana, akatafuta siku mbili nzima. Akanijibu kwamba amepekua kila mahali. Filamu ilipokamilika, mama yake alifuta yote yaliyobaki.

Siku hiyo ya kumbukumbu nilikuwa na shifti. Ningeweza kuomba ruhusa. Sikuomba.