Kengele Iliyohamia Juu ya Magunia

Kabla ya kuwa fundi umeme wa magari mjini Gitega, Uthmani aliendesha lori miaka kumi na minane, na ujanja wake ulikuwa wa madereva wote: akifika mteremkoni hutoa gia, lori likajiporomokea lenyewe, mafuta yakabaki. Ujanja huo alimrithisha mwanawe Saidi. Mwaka 1983, njia ya Muyinga, Saidi alitoa gia mteremkoni, lori likamshinda, akafa. Msibani Uthmani alisema breki zilikuwa mbovu, na watu wakamwamini.

Hakushika usukani tena. Alitwaa kengele ya mlango, waya na swichi, akavifunga kwenye mkono wa gia wa kila lori lililoletwa kwake: gia ikitolewa, kengele inalia mpaka irudi. Madereva walimshukuru sana, wakatoka mjini, wakakata waya. Mjuzi wa kukata hakosekani! Akaunga, wakakata. Uthmani alichoka, uchovu wa mtu anayejaza maji kwenye gunia.

Ndipo binti yake Hidaya akaolewa na Matata, dereva wa kuleta maharage kutoka Muyinga. Siku moja Uthmani akafungua lori la mkwewe kulitengeneza, akakuta waya wa kengele umekatwa. Alifunga kengele nyingine nje, nyuma ya kabini, pale wachuuzi wanapokaa juu ya magunia, akamwambia mkubwa wao, Zuena: "Ikilia, gongeni paa."

Safari iliyofuata Matata alirudi amefura.

"Mzee, we unanifanyia nini? Wamama wananigongea kichwa tangu Muyinga! Mi iko dereva ao mutoto?"

Uthmani hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Breki ya Saidi ilikuwa nzima," alisema. "Alitoa gia. Na kutoa gia, ni mi nilimufundisha."

Hidaya, aliyekuwa akileta chai, akaiweka chini. Miaka yote hiyo alikuwa akiwalaani watengenezaji wa breki. Alimtazama baba yake kwa uchungu, wala hakuuficha.

Matata alipanda kwenye kabini, akashuka na kipande cha waya alichokuwa amekikata.

"Basi, Mzee, rudisha na ile ya ndani."

Uthmani alichukua koleo ili aunge waya. Hidaya akamnyang'anya koleo, akaukaza waya mwenyewe.