Simu Kubwa Kwenye Mdomo wa Kisima

Nikiikumbuka siku ile moja ya Chamazi, mwanangu, viganja vyangu hutoka jasho hata nikiwa nimekaa kivulini. Nimekusikia ukisema unataka simu kubwa kuliko zote dukani. Sikukatazi. Kaa kwanza nikusimulie, kisha utaamua mwenyewe.

Enzi hizo nilikuwa mchimba visima. Arobaini nilikuwa nimeshaipita, ila ujana ulikuwa haujanitoka kichwani. Nilifanya kazi na Mzee Kondo, Mzaramo wa kulekule Temeke, aliyeanza kuchimba visima mie sijaota ndevu. Yeye alishuka shimoni, mie nilibaki juu na kamba iliyopita kwenye kapi, nikivuta ndoo za mchanga na kuzimwaga.

Wiki ile nikarudi kutoka Kariakoo na simu mpya. Ilikuwa kubwa, mwanangu! Nilijidai naitaka niwaonyeshe wateja picha za visima tulivyochimba, na kweli picha zilionekana vizuri, hata bila miwani. Lakini kilichonisukuma hasa ni kutaka kuonekana. Kwenye mfuko wa suruali haikuingia. Nikaitia kwenye mfuko wa shati, nusu ndani, nusu nje. Nikiishika kwa mkono mmoja, kidole gumba hakikufika upande wa pili. Hayo yote niliyaona siku ya kwanza, nikajifanya sikuyaona.

Mzee Kondo aliitazama mara moja tu.

"Baba Rehema, hiyo simu au sinia? Ukiwa kwenye kamba, iache kwenye begi."

"Sasa wateja wakipiga, mzee?"

"Watapiga tena."

Nilicheka. Sikuiacha.

Asubuhi hiyo tulikuwa kwa Mama Salome, mwalimu aliyetoka Iringa na kujenga Chamazi. Tulishafika kama futi thelathini, na maji yalikuwa yameanza kuingia. Ndoo iliyojaa mchanga wa maji ilikuwa katikati ya safari, naivuta, simu ikalia kifuani. Nikaibana kamba kwa mkono wa kulia, nikaichomoa simu kwa wa kushoto. Nikajaribu kupangusa kioo nipokee. Gumba halikufika. Nikalinyoosha zaidi, na kiganja kimelowa jasho, simu ikaponyoka.

Sikufikiri, mwanangu. Mkono wa kulia uliiachia kamba ukaifuata simu.

Simu niliidaka. Ndoo ikaenda.

Kapi lilipiga kelele, kikafuata kishindo, kisha kimya.

"Mzee!"

Nikasogea ukingoni.

"Mzee Kondo!"

Nikainama kuchungulia, simu nimeirudisha mfukoni bila kujua, nayo ikaanza kuchomoka tena ielekee shimoni. Nikaitupa huko mchangani, sikutazama ilipoangukia. Kichwani nilikuwa nikimwona mkewe, Bi Zainabu, aliyetuandalia chai ya tangawizi alfajiri ile, na nikawa natafuta maneno ya kwenda kumwambia.

Ndipo sauti ikapanda, nyembamba. "Nipo. Bega limekwenda. Maji yanapanda, nivute."

Nilikuja kujua baadaye kilichomwokoa. Kila ndoo ilipopanda, yeye alijibana ukutani, miaka yote, hata alipofanya kazi na watu wa kuaminika. Ndoo ilikikosa kichwa, ikamshukia begani. Kwa mkono mmoja asingeweza kupanda. Nikateremsha kamba nyingine, akajifunga kwa mkono uliobaki na meno. Nikavuta. Alikuwa mzito, na mchanga wa ukutani ulianza kumegukia ndani.

"Mama Salome! Njoo unisaidie!"

Alikuja mbio na kanga kiunoni, akashika kamba nyuma yangu bila kuuliza. Tulivuta mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Kila kamba ilipokwama nilimsikia mzee akiguna chini, na kila alipoacha kuguna niliogopa zaidi.

Alipotokeza, tukamlaza. Mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, ulikuwa umevunjika, unaonekana kwa macho. Mama Salome akaenda kutafuta bajaji ya kumpeleka hospitali. Mzee akanigeukia.

"Simu uliidaka?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Niliidaka, mzee."

"Basi mikono unayo mizuri. Imekosa mwenye kuichagulia kazi."

Hakunitukana. Heri angenichapa.

Bega lilipona likiwa limepinda, na Mzee Kondo hakushuka shimoni tena. Kisima cha Mama Salome nilikimalizia mie chini, shemeji yangu akiwa juu kwenye kamba. Hapo ndipo nilipojua jinsi ndoo inavyoonekana kwa aliye chini. Kila ilipopanda nilijibana ukutani na kusoma dua.

Wazee walisema, mshika mawili moja humponyoka. Mie nakuongezea: na mara nyingi linaloponyoka ni lile lenye thamani.

Simu ile ipo mpaka leo. Imekaa nyumbani mezani, na wajukuu wanaitumia kusomea, maana skrini kubwa inafaa kwa mtu aliyekaa akatulia. Kazini natembea na kitochi, simu ndogo ya vitufe. Basi wewe, mwanangu, ukifika dukani usiipime simu kwa macho ya watakaokuona nayo. Itie kwenye mfuko wa nguo unayovaa kazini, kisha uiname. Ishike kwa mkono mmoja, ujaribu kupiga namba ya mama yako. Ikikushinda pale ulipo mkavu umesimama, itakushinda zaidi ukiwa na jasho na mzigo. Na hata ukipata ndogo inayokufaa, uhai wa mwenzio ukiwa mkononi mwako, iache ilie. Watapiga tena.

Mungu aibariki mikono yako, akupe riziki ya halali, na kila jioni akurudishe nyumbani mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Amina.