Barabara Isiyo na Doa Jekundu

"Bon, Mama Ferdinandi, wezi wanakuingilia mara ine na haupigake simu kwa polisi? Donc uko unawafuga, ao?"

Aliyeuliza ni Kamikazi, jirani wa nyumba ya pili, Mkongomani wa milima ya Kivu ya Kusini, mama mrefu, mcheshi, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Ilikuwa mwaka 2015, mtaa wa Kensington-Bailey, mjini Buffalo, Marekani. Asubuhi hiyo watu walikuwa wameshuka kwenye chumba cha chini ya nyumba ya Generoza wakang'oa mabomba ya shaba, wakaacha maji yanamwagika mpaka yakapanda ngazi ya tatu. Generoza alikuwa anayachota kwa ndoo. Alicheka kidogo, kwa adabu, akasema, "Mama, bomba likiibiwa linanunuliwa lingine. Karatasi ya uraia ikiharibika, unainunua wapi?"

"Mabomba na uraia, vinajuana wapi?"

Generoza akainama akachota ndoo nyingine. Jibu lilikuwepo, ila lilikuwa refu, na lilianzia mbali.

Lilianzia Kibondo. Generoza aliingia Tanzania mwaka 1972, akikimbia mauaji ya Burundi, akiwa mtoto wa miaka tisa, ameshika kanga ya mama yake, na maisha yake karibu yote aliyaishi kwenye makambi. Huko alisoma mpaka darasa la saba, huko aliolewa, huko alizaa. Karibu na kibanda chao alikaa mtu mmoja, Methodi, mpole, fundi wa viatu. Methodi aliibiwa baiskeli, akaenda kituo cha polisi cha kambi, jina lake likaandikwa kwenye daftari kubwa. Baiskeli haikuonekana. Baada ya miezi michache majina ya watu wa kwenda Marekani yakabandikwa ubaoni. La Methodi halikuwepo. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, faili lake limelala.

Kwa nini lililala, hakuna aliyejua. Lakini kambini sababu haikosi kupatikana. Watu walisema ni lile daftari. "Polisi hawana daftari la mwizi na daftari la aliyeibiwa," walisema. "Daftari ni moja. Jina likishaingia, limeingia." Sheria hiyo haikuandikwa popote, na kwa kuwa haikuandikwa, hakukuwa na mtu wa kuifuta. Watu walipanda nayo ndege.

Generoza na mumewe Yonasi walifikia Louisville mwaka 2008. Huko vioo vya gari lao vilivunjwa mara mbili, na siku moja kijana akapigwa risasi uani, mchana, watoto wanatoka shule. Wakanyamaza. Mwaka 2012 wakahamia Columbus, kwenye fleti za Whitehall, maana waliambiwa kule kuna ghala zinazoajiri na kuna utulivu. Mwezi wa kwanza, baridi ya kukata masikio, Yonasi alinyang'anywa kwenye maegesho ya magari: simu, koti, na chakula chake cha kazini.

"Umewaona?" Generoza alimwuliza.

"Nimewaona. Mmoja anakaa hapa chini yetu."

"Basi tumwombee."

Walimwombea. Na yule jirani akawa anawaamkia kila asubuhi, anatabasamu, amevaa koti la Yonasi. Hata kitambulisho cha kazi cha Yonasi alikiacha kwenye mfuko wa kifuani, kamba yake inaning'inia. Yonasi alimwitikia salamu kipupwe chote. Mwaka 2014 wakahama tena, wakaja Buffalo, ambako mtu wa ghala aliweza kununua nyumba yake mwenyewe, nzee lakini yake.

Usidhani Generoza alikuwa mwoga. Alikuwa na mtoto aliyebaki. Ferdinandi, kifungua mimba wake, alikuwa ameoa wakati wa usaili wa kwenda Marekani, ana kadi yake ya chakula, kwa hiyo faili lake likawekwa peke yake, na peke yake likabaki. Kambi ilipofungwa akarudishwa Burundi. Mwaka 2015 vurugu zikamkimbiza tena, akarudi kule kule Kibondo, safari hii na mke na watoto wanne. Njia ya kumwita ilikuwa moja: mzazi awe raia. Yonasi hakujua kusoma hata jina lake. Tegemeo lilikuwa Generoza, na Generoza alikuwa ameanguka mtihani mara mbili kwa ajili ya Kiingereza. Kila siku watu wa Buffalo walimwita Mama Ferdinandi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona Ferdinandi.

Kanisani walimpa kazi ya kushauri akina mama, kwa sababu hapandishi sauti na hatoi siri. Aliyeibiwa televisheni alikuja kwake. Aliyevunjiwa mlango alikuja kwake. Bisogo wa nyumba ya kona aliingiliwa mara mbili, akaja mara mbili. Wote aliwashika mkono, akaomba nao, akawaambia neno lile lile: "Uraia kwanza, mama. Nyamaza." Nao walinyamaza. Sauti ya upole inatiiwa kuliko ya ukali, na hilo ndilo baya lake.

Majira ya baridi yakapita. Mwezi wa nne, mwaka 2016, Delfina alipiga simu kutoka Louisville. Delfina ni mdogo wake wa tumbo moja, mjane anayefanya kazi ghalani, anayekaa na binti yake aitwaye Florida. Risasi ilikuwa imepita dirishani kwao na kuingia kwenye kabati la vyombo. Delfina alitaka kuhama wiki hiyo hiyo. Florida akaichukua simu mkononi mwa mama yake.

"Mama mkubwa, nimeangalia mtaa wenu. Kuna ramani ya polisi kwenye simu. Kila tukio wanaweka doa jekundu. Barabara kubwa ya Bailey imejaa madoa kama mtoto mwenye surua. Lakini barabara yenu nyinyi, hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hata moja. Safi. Hata huku kwa matajiri wa Louisville sijaona barabara safi hivyo."

Generoza alikuwa amesimama jikoni, anatazama kitasa kipya, cha tatu tangu wanunue nyumba. Alijua mara zake nne. Alijua mara mbili za Bisogo. Angeweza kusema. Lakini alitafuta mahali pa kuliweka lile neno "safi", na moyo, ukitaka kitu, haukosi pa kukiweka. Akajiambia serikali ina macho kuliko yeye. Akajiambia labda haya ya kwao ni madogo, hayafiki kwenye ramani. Labda ni majaribu yake mwenyewe, hayawahusu wengine. Miaka minne alikuwa hajamkumbatia mdogo wake.

"Njooni," alisema.

Wakaja mwezi wa sita, wakapanga nyumba ya mbele kidogo ya Kamikazi. Delfina akapata kazi ya zamu ya alasiri katika kiwanda cha vyakula. Jioni za Jumapili madada hao wawili walikaa barazani wanachambua maharage na kucheka mambo ya utotoni, na Kamikazi akiwapita akawatania: "Nyinyi mukichekaka hivi, wezi watazani muko na mali!"

Jumatano moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Generoza akiwa darasani anajifunza majina ya marais kwa ajili ya mtihani wa uraia, wanaume wawili walipiga teke mlango wa nyuma wa Delfina. Televisheni wangeichukua na kuondoka. Lakini Delfina alikuwa na mkoba wa karatasi. Kila mtu wa kambini ana mkoba huo, wenye vyeti, picha za usaili, barua zote tangu siku ya kwanza, na kila mtu amefundishwa kwamba moto ukiwaka, watoto kwanza, mkoba wa pili. Delfina alikimbilia mkoba akaukumbatia. Wale watu wakaona mwanamke anakumbatia kitu, wakajua hapo ndipo palipo na fedha. Wakavuta, naye akavuta. Walipoona haachi, walimsukuma kwenye ngazi za chini ya nyumba. Mkoba wakaenda nao.

Nyonga ilivunjika, na kifundo cha mkono. Daktari alisema atatembea, lakini kazi ya kusimama saa nane kiwandani aisahau.

Generoza alikaa kando ya kitanda siku mbili. Siku ya tatu Delfina akaongea, macho yako darini.

"Dada. Mama Kamikazi amekuja kuniona. Anasema kwako waliingia mara nne."

Generoza akaweka chini kikombe cha maji alichokuwa ameshika.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Florida alipokuambia ramani ni safi?"

"Niliamini ramani, mdogo wangu."

"Ramani ingejua nini, na nyinyi wote mmefumba midomo?" Delfina aligeuza uso ukutani. Generoza akaweka mkono juu ya shuka, akainamisha kichwa kama kawaida yake. "Usiniombee leo," Delfina alisema. "Kaa tu, au nenda."

Alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumkatalia maombi.

Polisi walikuwa wameandika habari za Delfina kwa mdomo wa Florida, na sasa walitaka jirani wa kueleza kama mtaani humo hutokea mambo kama hayo. Usaili wa uraia wa Generoza ulikuwa umebakiza wiki tatu.

"Wiki tatu tu, Mama Ferdinandi," Yonasi alimsihi. "Ukishaapa, nenda ukaseme mpaka sauti ikauke. Sasa hivi unamfungia mtoto mlango."

Generoza alimpigia Ferdinandi Kibondo, akamweleza yote. Sauti za watoto zilisikika nyuma ya Ferdinandi. "Mama," akasema, "fanya unavyoona. Sisi huku kungoja tumeshakujua." Hakumruhusu, wala hakumkataza, akamwachia mzigo wote.

Kesho yake alikwenda kituoni na Nyarugabo, mume wa Kamikazi, anayetafsiria watu hospitalini. Askari alikuwa mama kijana, ana kalamu sikioni. Kabla hajauliza kitu, Generoza alimgeukia Nyarugabo.

"Mwambie najua karatasi zangu zinaharibika leo. Asihangaike kunificha. Nimekuja hivyo hivyo."

Nyarugabo akatafsiri. Askari akaomba arudie, naye akarudia. Yule mama akaweka kalamu mezani, akaongea taratibu.

"Anauliza nani alikuambia hivyo," Nyarugabo akasema. "Anasema mwenye kuibiwa hana kosa. Jina yako hapa haigusi uraia."

"Mwulize tena."

Akauliza tena. "Ni vile vile, mama."

"Tangu lini?"

"Anasema siku zote. Tangu zamani."

Generoza alitazama mikono yake. Miaka minane. Koti la Yonasi lilipita mbele yake likimwamkia, na akina mama walipita mmoja mmoja, aliowashika mkono na kuwaambia wanyamaze, na mwisho ngazi za chini ya nyumba ya Delfina. Hakulia. Nyarugabo, kwa wema wake, akaona afadhali aseme neno.

"Bon, mama, ni habari njema basi."

"Njema kwa nani?"

Nyarugabo akamgeukia askari, akamwomba aendelee.

Generoza alieleza aliyoyajua kuhusu mlango wa nyuma na wanaume wawili, na askari akaandika. Alipomaliza akakusanya karatasi zake, akauliza kama kuna jambo lingine. Generoza akafungua mkoba akatoa daftari la maombi la akina mama. Ndani yake kila ombi lina jina na tarehe, kwa sababu lazima ujue ulianza lini kuomba ili siku ya kujibiwa ushukuru. Kurasa nyingi zilikuwa za wizi: baiskeli za watoto, mlango, televisheni, mlango tena. Alitafuta jina lake.

Askari alisema kitu, na Nyarugabo akakitafsiri kwa sauti ndogo: hayo ni ya zamani, hakuna atakayekamatwa kwa ajili yake.

"Najua," Generoza akasema. Akalisukuma daftari mezani, limefunguliwa, likamfikia yule mama. "Naomba uandike matukio yangu manne, yaonekane kwenye ramani. Ya wenzangu nitakwenda kuwaomba wenyewe."