Ndama kwa Mama Yake

Sogeza kigoda, mwanangu, na hilo zoezi lako la Kiingereza uje nalo. Nakumbuka siku moja hapa Karatu, enzi tunasomea kuongoza watalii, rafiki yangu Naserian alivyolichekesha darasa zima, kisha akalifundisha.

Naserian alitoka Ololosokwan, kijiji cha wafugaji wa Kimaasai. Kambi moja ya watalii kule kwao ilikuwa tayari kumpa kazi, ila mpaka afaulu mtihani wa Kiingereza, na alikuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Asubuhi hiyo mwalimu wetu, mzee wa Mbulu mwenye utani mwingi, aliandika ubaoni mwanzo wa sentensi: "Walking along the rim", yaani mtu anatembea ukingoni mwa kreta. Tuchague umalizio: simba alionekana, au tulimwona simba?

"Simba alionekana!" darasa likapaza sauti. Simba ndiye tuliyemtaka.

Naserian alikwenda ubaoni, akaweka kidole kwenye lile neno la kwanza, akaliuliza, "Mama yako nani?"

"We Nase, umetuletea zizi darasani?" mmoja wetu akadakia. Kicheko.

"Binti, hapa hakuna ng'ombe," mwalimu akasema.

"Ndama yupo, Mwalimu. Nyumbani nikikamua, ng'ombe haachilii maziwa mpaka nimletee ndama wake mwenyewe. Nikikosea, tunapigwa teke, mimi na ndama. Hili neno nalo lina mwenyewe. Anayetembea ni nani? Kama ni simba, basi leo simba ndiye mtalii. Tuliotembea ni sisi, kwa hiyo ni 'tulimwona simba'."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akampa chaki. "Haya mama, endelea wewe."

Akaendelea, taratibu kama mtu aliyepiga magoti pembeni ya ng'ombe na kibuyu chake. "Tiring" na "tired": njia ndiyo inayochosha, mgeni ndiye aliyechoka. Kila neno alilitafutia mama yake kwanza, ndipo akaandika.

Siku ya mtihani sote tulitoka, yeye akabaki. Dirishani tulimwona kidole kinatembea juu ya karatasi na midomo inacheza. Msimamizi alishaanza kukusanya karatasi. Ya kwake ilichukuliwa ya mwisho.

Matokeo yakatoka: alifaulu. Alijifunika uso kwa shuka lake akalia, na sisi tukalia naye. Mpaka leo yuko kambini kwao, na wageni humpenda kwa sababu akisema jambo, hukosi kuelewa nani kafanya nini.

Mwanangu, Kiingereza si kigumu kuliko kukamua. Ila hakitaki papara, na wala usione haya kukiendea kwa akili uliyolelewa nayo nyumbani. Mungu aitulize mikono yako na akufungulie kichwa.

Sasa fungua zoezi. Weka kidole kwenye neno, uliza ni nani anayelifanya, soma sentensi mpaka mwisho, ndipo uandike.