Nyumba Isiyo na Mtu

Kazi yangu ni picha za pasipoti. Studio ni chumba kimoja ghorofa ya pili, Kariakoo, kati ya fundi simu na mama mmoja anayeuza madera kwa jumla, na kutwa nzima nawaambia watu inua kidevu, vua miwani, usicheke. Ni kazi ya halali na inanilisha. Lakini mtu akikaa miaka kumi mbele ya kitambaa cha buluu huanza kuamini kwamba ana kipaji kinachoozea pale, na mimi niliamini hivyo kwa moyo wote. Ndiyo maana kila Jumapili nilikuwa nafunga, nabeba kamera, natoka mjini kwenda kupiga picha nyumba za zamani huko vijijini Pwani, zile zilizoachwa.

Nilizipenda nyumba hizo kuliko nilivyowahi kuwapenda wenyewe. Kuta za udongo na mawe zimepasuka, boriti za mikoko zinachungulia nje, mlango wa mvule bado umesimama wakati ukuta wake umekwisha kulala. Katika nyumba moja nilikuta mistari ya mkaa ukutani, urefu wa watoto watano mwaka baada ya mwaka, na majina yao yamefutika. Nilisimama pale nusu saa. Halafu nikarudi Kariakoo, na nina hakika angalau mmoja wa watoto wale alikuwa njiani ananiuzia soksi, nami sikumwangalia mara mbili.

Picha zikaanza kusifiwa. Mama mmoja anayeandaa maonyesho mjini aliziona kwenye simu akaniita ofisini kwake. Alitaka picha ishirini. Aliniomba jambo moja tu: zisiwe na watu. "Mtu akiwemo inakuwa picha ya umaskini," alisema. "Asipokuwemo inakuwa historia." Maneno hayo niliyaona ya busara sana. Leo nikiyakumbuka natamani kujizaba kofi.

Nilikuwa na picha kumi na tisa. Ya ishirini nikaamua iwe ya nyumba ya babu yangu mzaa baba.

Nyumba ile ina habari yake. Babu aliijenga kwa fedha za korosho, vyumba sita na ukumbi katikati, baraza mbele, jiko uani. Chumba cha mwisho, cha upande wa uani, hakupewa mtoto yeyote. Kilikuwa cha binti zake watakaoachika. Babu alikuwa na mabinti wanne na aliijua dunia, na alikuwa akisema mbele ya wakwe zake, siku ya harusi yenyewe, kwamba mwanawe ana chumba kwao na kina kitanda. Watu walimcheka, wengine walikasirika. Alipokuwa anakaribia kufa alitoa wasia mmoja ambao ukoo mzima unaujua: nyumba isiuzwe maadamu yumo mtu ndani.

Aliyekuwamo ni shangazi yangu, mdogo wa baba. Alikuwa amepewa talaka ya pili akarudi na sanduku lake, akaingia katika kile chumba cha uani na hakutoka tena. Miaka ilipita, vyumba vya mbele vikaanguka kimoja kimoja, mabati yakaliwa na kutu. Yeye akabaki na chumba chake, jiko lake na kuku wake. Tangu baba afariki, ni yeye peke yake aliyekuwa ananipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Nilifika asubuhi. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nasikia siku hizi unapiga picha magofu. Umekuja kunipiga mimi au nyumba?"

Nilicheka, nikampiga yeye kwanza, ili asinune. Picha saba au nane: amesimama mlangoni, anakuna nazi, anamfokea jogoo. Kisha nikamweleza kwamba nahitaji nyumba peke yake.

Nitasema jinsi nilivyofanya, maana sijawahi kulisema lote. Nilimwomba aanue kanga kwenye kamba. Akaanua. Nikamwomba aingize mbuzi ya kukunia nazi, ndoo na jiko la mkaa. Akaingiza. Pazia lake la maua lilikuwa linaonekana dirishani, nikamwambia, "Na pazia, shangazi." Akalitoa, akalikunja begani. Uwanja alikuwa ameufagia tangu alfajiri, michirizi ya ufagio ikionekana vizuri mchangani. Nikachukua majani aliyoyarundika pembeni nikayamwaga upya. Hapo ndipo alipocheka.

"Mwanangu, umasikini wangu wenyewe hautoshi mpaka uuongezee majani?"

"Ni sanaa, shangazi."

"Haya, sanaa." Akachukua kuku wake wawili kwapani akaenda kukaa kwa jirani, akakaa huko mpaka nilipomwita. Mchana alinipa wali wa nazi na samaki, na nikala.

Ile ndiyo picha iliyopendwa kuliko zote. Iliwekwa ukutani, peke yake, karibu na mlango wa kuingilia. Chini yake niliandika mwenyewe maelezo: hakuna ajuaye nani alitoka mwisho. Watu waliisoma na kutikisa vichwa. Mwanamke mmoja alifuta machozi, nami nikasimama kando nimekunja mikono kama mfiwa. Usiku ule niliitupia picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Nilitaka waone kwamba mtoto waliyemwita mpiga pasipoti naye ana jina.

Baba mkubwa, mkubwa wa ukoo, hakuandika neno la sifa. Aliandika: kikao, Ijumaa, baada ya Alasiri, nyumbani kwangu Magomeni.

Alikuwa amepata mnunuzi tangu muda mrefu. Mtu alitaka kiwanja kile cha kando ya barabara kwa ajili ya ghala, na kilichokuwa kinamzuia ni ule wasia. Shangazi alikuwa na maradhi ya macho. Kila alipokuja kliniki alikaa Magomeni wiki mbili, mwezi, na baba mkubwa alikuwa ameanza kusema kwamba siku hizi anaishi mjini. Hakuna aliyemsadiki. Sasa nilikuwa nimempa ushahidi, tena umepigwa kwa ustadi.

Tulikaa ukumbini watu kama kumi na wawili, chai imepoa. Shangazi alikuwa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Baba mkubwa alisoma Fatiha, akatoa hoja yake, na shangazi akajibu bila kupandisha sauti kwamba yeye bado anaishi kwa baba yake.

"Basi hii ni nini?" Baba mkubwa akainua simu. Akaizungusha kila mtu aone. "Nguo iko wapi? Jiko liko wapi? Hata pazia hakuna. Majani yamejaa mpaka mlangoni. Mtu anaishi hapa, au popo? Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo." Kisha akanigeukia mimi. "Na aliyepiga hatukumtuma sisi. Ni mwanetu, na picha yake imetazamwa na watu wazima mjini, wasomi. Haya tuambie. Siku ile ulimkuta mtu?"

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Zile picha saba au nane za shangazi nilikuwa nimezihamishia humo kutoka kwenye kamera: za mlango, za nazi, za jogoo, na kila moja ina tarehe na saa. Nilichotakiwa kufanya ni kuingiza mkono mfukoni tu.

Nikawaza maonyesho. Yalikuwa bado wiki mbili yafungwe. Nikawaza yale maelezo niliyoyaandika, na yule mwanamke aliyefuta machozi, na binamu zangu pale ukumbini wakisikia kwamba gofu langu nililipanga kama mtu anavyopanga sebule, tofauti ni kwamba mimi nilitoa vitu badala ya kuingiza. Nikawaza watakavyocheka. Nikaangalia kikombe changu.

Shangazi aliniangalia. Macho yake mabovu, lakini aliniona.

"Hakunikuta," alisema. "Nilishahama. Msimsumbue mtoto."

Baba mkubwa akasema Alhamdulillahi. Kuuzwa kwa nyumba kukakubaliwa palepale. Binamu mmoja akanipiga bega akaniambia nimesaidia ukoo, na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu asante. Nilitoka nikaenda kwa miguu mpaka Jangwani ndipo nikakumbuka kuna magari. Nilijiambia kwamba ameamua mwenyewe, mtu mzima, huenda hata amechoka kuishi peke yake kijijini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nguoni mwake kabisa, upande wa karibu na mwili.

Wiki ya tatu shangazi alikuja studio. Alipanda ngazi taratibu akishika ukuta, binti wa baba mkubwa akamwacha mlangoni akaenda kuangalia madera. Mkataba wa mauziano ulitaka picha ya pasipoti ya kila mrithi, na kwa kuwa nipo mimi, waliona haina haja ya kwenda mbali.

Nilimkalisha kwenye stuli mbele ya kitambaa cha buluu. Nilimwomba atoe ushungi usoni kidogo, ainue kidevu. Aliinua. Nilitazama ndani ya kamera, nikaiteremsha.

"Shangazi," nikasema, "zile picha zako za siku ile ninazo. Unakuna nazi. Umesimama mlangoni. Zote ninazo."

"Najua unazo. Si nilikuwa nakuona unapiga?"

"Sasa kwa nini ulisema umehama?"

Alijiweka sawa kwenye stuli, kwa sababu ilikuwa ndogo na alikuwa akiogopa kuanguka. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Walikuwa wanakutazama kama mwizi," alisema. "Nikaona nikutoe kwanza pale, upumue. Nilidhani ukishapumua utazitoa mwenyewe. Nilingoja mpaka Ishaa. Nikangoja na kesho yake." Akageuza uso kuelekea kwenye kamera, akitafuta nilipo. "Piga basi, baba. Wanataka nne."

Nilipiga. Nikazichapa nne, nikazikata, nikazitia kwenye bahasha, na nikaiandika jina lake kwa juu.