Maganda Aliyoyakataa Signe

Mke wangu Signe alikuwa mkaguzi wa maganda ya risasi. Katika bonde letu hapa Montana ganda likishapigwa halitupwi. Hujazwa tena: fataki mpya ya kuwasha baruti, baruti mpya, risasi mpya. Maganda ya bunduki kubwa, zile za kuwindia dubu na elki, wale kulungu wakubwa, ni adimu, kwa hiyo mtu huyarudia hadi yachoke. Kazi ni kujua yamechoka lini.

Alifundishwa na baba yake. Alikaa meza ya jikoni, penye dirisha, kahawa pembeni. Shingo ina ufa, anatenga. Tundu la fataki limelegea, anatenga. Kisha anachukua waya mwembamba uliokunjwa ncha, anauingiza ndani ya ganda, anauburuta kwenye ukuta wake wa ndani kutoka kitakoni kupanda juu. Ncha ikikwama, hapo shaba imekonda. Ganda hilo ukilipiga tena linakatika, na moto unakurudia usoni.

Majirani wote walimletea. Ganda bovu hupondwa kwa koleo mbele ya mwenyewe, asije akashawishika. Ndiyo desturi yetu.

"Mama Signe, hata hilo?" Lyle Aasen, jirani yetu, alikuwa akilalamika. "Hilo linanipenda!"

"Ndiyo maana linataka kukubusu jicho, Lyle." Halafu koleo, kra!

Siku moja akaja Einar, mdogo wake, na maganda ya marehemu baba yao. Signe akapitisha waya. Yote yalikwama. Akanyanyua koleo, Einar akamshika mkono.

"Haya ni ya Baba. Huyapondi."

"Yamekonda, Einar. Shika waya usikie mwenyewe."

"Baba aliyapiga maisha yake yote."

"Na ndiye aliyeyakondesha."

"Dada, wewe hata kivuli chako unakiogopa."

Signe alimtazama sana. Akaweka koleo chini. "Basi yaweke kabatini uwe unayatazama. Usiyajaze. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Einar akayatia kwenye mashine ya kusugulia mpaka yakang'aa kama birika la harusi. Ganda lililokonda huonyesha mstari mweupe kwa nje, karibu na kitako. Likisuguliwa hivyo, lote linang'aa na mstari hauonekani tena. Akayaona kama mapya. Akayajaza.

Siku ya kwanza ya msimu wa elki, ganda moja likakatika. Likaondoka na jicho lake la kulia.

Watu walimuuliza hospitali: maganda aliyakagua nani? Akajibu, "Dada yangu." Hakuongeza neno.

Hakuna aliyekuja kutugombeza. Hawakuja tu. Dukani walitusalimu vizuri, wakauliza hali ya ng'ombe. Lyle akaanza kununua maganda mapya mjini.

Nilitaka kwenda kusema. Signe akakataa. "Ni mdogo wangu. Jicho limeshakwenda. Atasema mwenyewe."

Kila vuli alifuta ile meza, akateleka kahawa nyingi, akakaa. Gari likipita barabarani alinyanyua kichwa. Baadaye akawa anateleka ya watu wawili tu.

Alifariki mwezi Machi.

Baada ya maziko tulikusanyika ukumbi wa kanisa. Nyama ya nguruwe, viazi vya jibini, kama kawaida. Nikamwendea Einar mbele ya watu.

"Sema leo."

"Niseme nini, shemeji?"

"Kwamba aliyakataa."

Einar akamtazama Lyle. Lyle akaweka uma chini.

"Mzee Odell, kaa kwanza. Hilo tunalijua."

"Mnalijua tangu lini?"

"Zamani. Msimu uliofuata, kwenye kambi ya kuwinda. Einar alikunywa, akalia, akasema yote."

"Nani alisikia?"

"Sote."

"Mbona hamkurudi kwake?"

Lyle alikuwa akikunja kitambaa cha mezani. "Aibu, mzee. Umemtenga mama wa watu, kisha uingie na mfuko wa maganda kama hakuna kitu? Tukawa tunasema, mwakani. Mwakani."

"Mimi nilidhani ninyi mmemwambia," Einar akamwambia Lyle.

"Na sisi tulidhani ni wewe."

Wakatazamana pale, kama watu waliosahau kufunga zizi.

Mke wa Lyle akaniletea sahani imefunikwa. "Chukua, mzee, utapasha kesho."

Sikuipokea. Nilirudi makaburini peke yangu. Udongo ulikuwa bado na barafu. Nikamwambia, "Signe, walikuwa wanajua. Miaka yote hiyo."

Kisha nikatamani nisingemwambia.