Injini ya Baba Furaha

Nasimulia hili nikiwa nimeinamisha kichwa, maana hadi leo nikienda Bangwe, kwenye ufukwe wa wavuvi, nazunguka njia ya juu nisikutane na Baba Furaha.

Nilikuwa nafundisha ufundi wa injini za boti katika chuo kidogo Gungu (ufundi wenyewe nilijifunza kwa vitabu na mashine mbovu za watu), na wakaguzi wa ithibati walikuwa njiani, na bila ithibati vijana wetu wasingefanya mtihani wa taifa, nasi hatukuwa na injini hata moja inayowaka. Nikawaza: mwezi ukiwa mkali taa hazivuti dagaa, wavuvi hupumzika, injini hukaa bure. Nikaazima ya rafiki yangu Baba Furaha, mvuvi. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini mimi mtu wa utaratibu nikaona haipendezi, nikaipaka rangi ya bluu na kuandika jina la chuo.

Wakaguzi wakaahirisha, wakaja siku ileile giza liliporudi na wavuvi kuanza tena kushuka ziwani. Nikajipa moyo kwamba hadi jioni wakaguzi watakuwa wameondoka.

Kiongozi wao, mama mmoja mpole, akasema, "Mwalimu, wanafunzi waifungue tuone."

Wakaifungua vizuri, vipande vyote mezani, ndipo Baba Furaha akaingia na vijana wake.

"Mwalimu, leo giza, tunashuka. Mashine iko wapi?" Akaokota kifuniko. "Ee Mungu! Umeiua, halafu umeipamba kama bibi harusi?"

Wanafunzi wakacheka. (Nami nilicheka, sijui kwa nini.)

"Huyu mzee ni... ni mfadhili wetu," nikasema.

"Mfadhili? Mimi? Watoto wangu wanangoja dagaa!"

Yule mama akafunga kalamu. "Mngesema hamna injini, tungewapa muda mtafute. Huu sasa ni udanganyifu."

Tukaiunganisha, ikakataa kuwaka. Boti za Bangwe zikaingia ziwani, ya Baba Furaha ikabaki mchangani, naye akakaa akitazama taa za wenzake.

Ithibati tulinyimwa, chuo kikafungwa. Mwanafunzi wangu mmoja anabeba mizigo bandarini, na bado ananiamkia, "Shikamoo, mwalimu."

Siku hizi nina banda la ufundi. Mteja akiulizia kipuri nisicho nacho, namwambia sina, kabla hajamaliza swali.

Injini iliwaka kesho yake. Niliomba niikwangue ile rangi, Baba Furaha akakataa: "Acha, watu wasome." Kwa hiyo kila giza likirudi, jina la chuo ambacho hakipo tena linashuka ziwani.